Jiwe la Mugere na Sanad Tuliyoisahau

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo hatukuja na darsa ya twahara wala ya mirathi. Tumekuja na kisa cha jiwe. Kisa hiki kinatuhusu sisi wenyewe, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni letu, na tumeona ni bora tuliseme hapa kuliko likae kifuani.

Anayetoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, ziwa la Tanganyika likiwa mkono wake wa kulia na milima mkono wa kushoto, baada ya kiasi cha kilomita 12 hufika Mugere. Hapo, juu kidogo ya barabara upande wa mlimani, lipo jiwe kubwa la asili lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Maandishi yenyewe ni hayo tu. Ile XI inawasumbua watoto kila mwaka, mpaka tuwaeleze kuwa ni kumi na moja kwa tarakimu za Kirumi, yaani mwezi wa Novemba.

Kila ikifika likizo kubwa ya kiangazi tunakodi basi dogo, akina mama wanatukaangia maandazi na kutujazia chai kwenye chupa, na tunawatoa matembezi wanafunzi wa madrasa yetu ya Buyenzi. Mara nyingi tumekwenda Mugere, kwa kuwa si mbali na gharama yake si kubwa. Mwaka wa kwanza mzee mmoja alitusimamisha baada ya swala ya Ijumaa, akatuuliza kwa uso mkavu:

"Mwalimu, ni kweli mnawapeleka watoto wetu kuzuru jiwe?"

Tukamjibu: "Hapana, mzee wetu. Hatuendi kutabaruku. Jiwe halidhuru wala halinufaishi, na Sayyidna Umar (R.A.) alilisema hilo mbele ya Hajarul Aswad lenyewe. Tunakwenda kwa kuwa Qur'ani imetuamrisha, katika Suratur Rum na sura nyinginezo, tutembee katika ardhi na tuangalie mwisho wa waliotutangulia."

Mzee akatosheka na akatuombea dua. Laiti angetuuliza swali la pili: mkifika pale, mtawaambia nini? Hapo pengine tungeshtuka mapema.

Kwa sababu, ndugu zetu, kwa takriban miaka kumi tulikuwa tunasimama mbele ya jiwe lile na kuwaambia watoto hivi: "Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, ambaye Wazungu wenzake walikuwa hawajui yuko hai au amekufa. Hapa ndipo alipovua kofia na kumsalimu kwa yale maneno yanayojulikana dunia nzima." Watoto walikuwa wanafurahi sana. Wengine walikuwa wanaigiza, mmoja anakuwa Stanley na mwingine Livingstone, wanapeana mikono mbele ya jiwe, na sisi tunacheka nao.

MTOTO ALIYESEMA KWELI

Mwaka mmoja alikuwamo binti wa miaka kumi na moja hivi, ambaye bibi yake anakaa Ujiji, ng'ambo ya mpaka, mkoani Kigoma. Tulipomaliza maelezo yetu alinyoosha kidole.

"Mwalimu, na kule Ujiji kuna mnara. Bibi alinipeleka. Wanasema walikutana kule, chini ya mwembe."

Watoto wakacheka. Sisi, badala ya kusema "ahsante, tutachunguza," tulisema: "Binti yetu, jiwe hili lina tarehe. Si unaiona?" Watoto wakacheka zaidi. Akainamisha kichwa, akajifunika vizuri mtandio wake, na hakusema neno mpaka tunaingia mjini.

Usiku ule tulikuwa tunatayarisha somo la tafsiri la kesho yake. Lilikuwa limefika zamu ya Suratul Hujurat, na aya ya sita ndiyo ile inayotuamuru tukiletewa habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tulikaa na msahafu umefunguka mbele yetu, na tukakiona kile kichwa kilichoinama.

Tunawafundisha vijana wa darasa la juu kuwa hadithi haipokelewi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani, na kila mpokezi ajulikane uaminifu wake na hifadhi yake. Wanazuoni wetu wameihesabu sanad kuwa ni katika dini. Basi tukajiuliza: kisa hiki cha Mugere sisi tulikipokea kwa nani? Tukakumbuka. Tulikisikia tukiwa wadogo kwa dereva wa basi la Rumonge, aliyekuwa akipita pale anapunguza mwendo na kuwaeleza abiria. Hiyo ndiyo sanad yetu. Miaka kumi ya kufundisha ilisimama juu ya dereva mmoja, Allah amrehemu, ambaye naye hatujui alisikia kwa nani.

JIWE LILISEMA NINI HASA

Tulianza kutafuta. Ndugu mmoja aliyekuwa anasoma chuo kikuu alitusaidia kupata kitabu cha Stanley mwenyewe na shajara za mwisho za Livingstone, akatusomea sehemu zinazohusu ziwa letu, akitufasiria pale lugha ilipotushinda. Tuliyoyapata ni haya.

Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, wala si Mugere. Tarehe aliyoiandika katika kitabu chake ni 10 Novemba 1871, yaani siku kumi na tano kabla ya ile iliyochongwa kwenye jiwe letu. Hata hiyo tarehe ya Ujiji ina maneno, kwani wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu zao za siku hazilingani. Na ile salamu maarufu, msimulizi wake mkuu ni Stanley mwenyewe, na katika shajara yake ukurasa unaohusu kukutana kwao umechanwa. Wanafunzi wa elimu ya hadithi watajua wenyewe daraja ya habari kama hiyo.

Kwa hiyo Mugere walikuja kufanya nini? Walikuja pamoja, baada ya kuwa wamekwisha kukutana. Wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa wanabishana kuhusu chanzo cha mto Nile, na baadhi yao walidhani huenda maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Rusizi kuelekea kaskazini. Livingstone na Stanley wakaondoka Ujiji kwa mtumbwi katikati ya Novemba, wakafuata ufuko wa mashariki, na siku ya tisa wakapita mlango wa mto Mugere na kufikia kwa mtawala wa eneo hilo, aliyeitwa Mukamba. Akawapokea na kuwakirimu, wakalala kwake siku mbili. Tarehe ya jiwe ni ya kufika kwao pale. Kisha wakaenda kwa Ruhinga, ndugu yake Mukamba, karibu na delta ya Rusizi, wakaona kwa macho yao kuwa mto ule unaingia ziwani na hautoki. Walirudi Ujiji kabla ya katikati ya Desemba, safari nzima ikiwa imechukua siku 28.

Sasa, mtoto yeyote wa Bujumbura anajua kuwa Rusizi unaingia ziwani. Wavuvi wa zama zile walijua. Ruhinga alijua, na aliwatajia wageni wake mito inayoingia katika Rusizi mmoja baada ya mwingine. Hata kabla yao, mwaka 1858, Burton na Speke walifika mpaka Uvira, upande wa pili wa ziwa, na wenyeji wakawaambia jambo hilohilo. Basi jambo lililoitwa uvumbuzi lilikuwa ni habari ya wenyeji ambayo hatimaye ilisadikiwa kwa sababu aliyeiandika alikuwa Mzungu.

Tulipomaliza kusoma, jambo moja lilituumiza kuliko yote. Jiwe halikusema uongo. Jiwe limetaja majina mawili na tarehe moja, na kwa mujibu wa kitabu cha Stanley hayo ni sahihi. Uongo tuliuongeza sisi, kwa ndimi zetu, mbele ya watoto wa watu.

TULIKWENDA KUOMBA RADHI

Tukaenda nyumbani kwa yule binti baada ya swala ya Alasiri. Mama yake alitukaribisha uani, akatuletea kiti na maji ya kunywa. Tulipomweleza sababu ya kuja kwetu alicheka kidogo, akasema: "Mwalimu, umejisumbua. Watoto husahau."

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema polepole: "Sikusahau."

Tukamwambia mbele ya mama yake: "Binti yetu, ulisema kweli na sisi tukakunyamazisha. Tusamehe. Na bibi yako tumfikishie salamu, mwambie mwalimu amekubali." Akatikisa kichwa, akakimbilia ndani. Likizo iliyofuata, pale pale mbele ya jiwe, tulisimama tukawaambia wanafunzi wote, wakubwa na wadogo, kwamba miaka kumi tuliwafundisha kosa, na kwamba aliyetusahihisha ni mwenzao. Kisha tukamwomba yeye awaeleze habari ya Ujiji. Alieleza vizuri kuliko sisi.

Wazazi wenzetu, tulidhani heshima yetu itapungua. Wallahi haikupungua. Ila tangu siku ile watoto wanatuuliza zaidi, na baadhi ya usiku inabidi tulale tumechelewa kwa kutafuta majibu.

MAJINA YASIYOCHONGWA

Swali la kwanza baada ya hapo lilitoka kwa kijana wa darasa la juu: "Mwalimu, Wazungu wawili walipigaje makasia peke yao kutoka Ujiji?"

Hawakupiga. Mtumbwi wenyewe waliazimwa na mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, Said bin Majid. Ndani yake mlikuwamo wapiga makasia, viongozi Wajiji wanaolijua ziwa, mpishi aitwaye Feraji, na Selim, kijana Mwarabu Mkristo kutoka Jerusalem, ambaye Stanley alikuja naye kuwa mkalimani wake. Msafara wa Stanley kutoka Unguja ulikuwa na kapteni wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, akapata uhuru wake bwana wake alipofariki, kisha akarudi Afrika. Mtu huyu alikuwa pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, akaja tena na Stanley mwaka 1871, na baadaye akavuka bara zima na Cameron kati ya 1873 na 1876. Ni wachache katika zama zake waliotembea Afrika kuliko yeye. Alifariki mwaka 1885.

Na pale Mugere alikuwapo Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone kutoka Chupanga, nchi inayoitwa leo Msumbiji. Ndugu zetu, tunapenda kuwapamba waliotutangulia, lakini hapa lazima tuwe waaminifu. Analosimulia Stanley kuhusu Susi kwa Mukamba ni kwamba alilewa pombe aliyokirimiwa na mwenyeji wao, na alfajiri ikatokea rabsha. Watoto walipolisikia walitazamana. Jina lake Abdullah, tena alilewa? Ndiyo, alilewa, na ni dhambi, na mambo yake yako kwa Mola wake. Baadaye, mwaka 1886, alibatizwa. Hatuwezi kumfanya kuwa tunavyotaka sisi.

Lakini sikilizeni alichokifanya mtu huyuhuyu mwaka mmoja na nusu baada ya Mugere. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, Susi na mwenzake Chuma pamoja na watu wa msafara wangeweza kuzika maiti palepale na kwenda zao. Hakuna ambaye angewalaumu. Wao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Mzungu yule alizikwa London kwa heshima za kitaifa tarehe 18 Aprili 1874, na siku ile Susi na Chuma hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Amana waliitimiza. Katika jiwe la Mugere halimo jina la Susi, wala la Mukamba aliyewapa chakula na malazi, wala la yeyote katika waliopiga makasia.

SWALI GUMU KULIKO YOTE

Tungeweza kuishia hapo, na makala ingetupendeza sote: Wazungu waliandikwa, watu wetu wakasahauliwa. Lakini mwanafunzi mwingine akauliza, na swali lake lilitutoa jasho.

"Mwalimu, Livingstone alikuwa anapinga biashara ya watumwa. Waliokuwa wanaifanya huku kwetu walikuwa nani? Walikuwa Waislamu?"

Walimu wenzetu wawili walikuwa pamoja nasi siku ile. Tuliangaliana. Ilikuwa rahisi kusema kwamba Wazungu nao walifanya, na ni kweli walifanya, tena waliwavusha mamilioni katika bahari ya Atlantiki. Lakini mtoto hakuuliza hilo. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Allah ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi na jamaa zetu. Aya hiyo haikutoa ruhusa ya kubadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo tulijibu: Ndiyo. Wengi wa wafanyabiashara ya watumwa wa ukanda huu wa ziwa walikuwa na majina ya Kiislamu na walikuwa wanaswali. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871 akiwa hoi, akitoka Nyangwe kwenye mto Lualaba, nchi ya Manyema. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara hao wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni, na mamia wakauawa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Miaka kadhaa baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao yake Ujiji, alijaribu kuipenya Burundi kutoka ziwani, na majeshi ya mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Hayo yalitendwa na watu wanaotamka shahada tunayoitamka sisi.

Je, dini iliwaamrisha? Hapana. Aliyewaua wanawake sokoni hana aya wala hadithi ya kujificha nyuma yake. Mtume (S.A.W.) amesimulia kuwa Allah mwenyewe atakuwa hasimu, siku ya Kiyama, wa anayemuuza mtu huru na kula thamani yake. Dhulma yao ni yao. Suratul Baqara, aya ya 134, imetufundisha kuwa umma uliopita una iliyoyachuma na sisi tuna tuliyoyachuma, na hatutaulizwa waliyoyatenda wao. Lakini tutaulizwa tuliyoyasema sisi kuhusu waliyoyatenda, kama tulisema kweli au tulificha.

Yule kijana hakusema kitu. Akaandika kwenye daftari lake.

MADAFTARI YA BUYENZI

Tuliporudi tukawapa wanafunzi kazi ya nyumbani. Tukawaambia: mtaa wetu njia zake zinaitwa kwa namba, njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna mnara unaoeleza nani alifika hapa na alitokea wapi. Basi nendeni mkawaulize wazee wenu: tulifikaje Buyenzi? Na kila habari muiandike pamoja na sanad yake: nimeambiwa na bibi, naye aliambiwa na baba yake, naye alikuwapo.

Madaftari yaliyorudi yalitufurahisha na kutuliza. Mmoja babu wa babu yake alitoka Kasongo kwa miguu. Mwingine watu wake ni wavuvi wa Ujiji waliokuja na mitumbwi. Mwingine ni wa Uvira, mwingine babu yake alikuwa fundi cherehani, na wengine wazee wao ni Warundi wa milimani waliosilimu hapahapa. Watoto waligundua kuwa hata Kiswahili cha Kongo kuitwa Kingwana kuna sababu, kwa kuwa waungwana ni jina walilojiita watu wa misafara ile.

Daftari moja lilirudi na mstari mmoja tu: Bibi amesema hataki kuulizwa.

Siku ya pili baba wa mtoto yule akatufuata msikitini. Alikuwa na hasira lakini alijizuia kwa heshima ya mahali. "Mwalimu, tulimleta mtoto asome Qur'ani. Wewe unafukua makaburi. Mama yangu amelia usiku kucha. Bibi yake yeye alinunuliwa. Alinunuliwa, mwalimu, kwa vitambaa. Na aliyemnunua ndiye aliyemsilimisha. Unataka mtoto akasome hayo mbele ya wenzake?"

Tulikaa naye kwenye mkeka. Tulimwambia kuwa Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa na leo adhana yake tunaitaja kwa fahari, kuwa Ammar na mama yake Sumayya (R.A.) walikuwa wanyonge wasio na ukoo wa kuwalinda Makka, na Sumayya ndiye shahidi wa mwanzo katika Uislamu, kuwa aibu ni ya aliyenunua na wala si ya aliyenunuliwa. Alisikiliza, kisha akasema neno lililotunyamazisha: "Najua, mwalimu. Lakini hao ni wa Makka. Huyu ni mama wa mama wa baba yangu."

Hatukuwa na jibu la hilo, na hatukulitafuta kwa nguvu. Kusitiri nako ni katika dini. Tulimwahidi kuwa daftari lile halitasomwa, na halikusomwa. Tukamwomba jambo moja tu: mama yake asiondoke duniani na habari ile peke yake. Amwambie mtu mmoja katika familia, kwa wakati wake, kwa namna yake. Baba yule alitazama mkeka kwa muda mrefu, akasema, "Insha Allah," akaondoka.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja baada ya swala ya Isha alitushika mkono akasema: "Ameniambia. Mimi peke yangu. Jina lake nalijua sasa." Hakututajia jina hilo, nasi hatukuuliza. Lakini tunajua kuwa anamwombea dua kwa jina, na pengine dua hiyo ni bora kuliko jiwe la barabarani.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Ndugu msomaji, popote ulipo, Bujumbura, Kigoma, Uvira, Kigali au Kampala, njiani kwako kuna jiwe, mnara au kibao kinachotaja mtu na tarehe. Ukipita na watoto, simama kidogo, kisha ulizaneni mambo haya:

1. Maandishi yenyewe yanasema nini hasa, na ni lipi tunaloliongeza sisi? Yatenganisheni mawili hayo.

2. Habari hii tumeipokea kwa nani, naye kwa nani? Ikiishia kwa dereva wa basi, semeni kuwa imeishia hapo.

3. Nani alikuwapo na jina lake halikuandikwa? Nani alipika, nani alibeba, nani alionyesha njia, nani alidhulumiwa?

4. Je, tuko tayari kusikia jibu hata likiwa dhidi yetu?

Na la tano ni letu sisi walimu. Mtoto akinyoosha kidole akasema kinyume na tulivyosema, tusimwonyeshe jiwe. Tumwombe atueleze.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie wakweli katika tunayoyafundisha, awasamehe wazazi wetu na wazee wetu waliotangulia, awarehemu waliobeba na waliobebeshwa ambao majina yao anayajua Yeye peke yake, na aifanye elimu yetu kuwa hoja kwa ajili yetu na isiwe hoja dhidi yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.